Wauru wa Ziwa Titicaca: makazi, maonyesho na fedha ya mgeni

Kila mwaka watalii kwa maelfu hupanda boti katika bandari ya Puno, kusini mwa Peru, na baada ya safari ya nusu saa hivi hukanyaga kisiwa kinachobonyea chini ya nyayo, kwa kuwa hakina udongo wala mwamba, bali ni tabaka nene la mmea wa majini uitwao totora. Wenyeji wao ni Wauru, watu wa asili wa ziwa hilo. Wageni wengi huondoka na picha nzuri pamoja na swali linalowakera njia nzima: je, watu hawa wanaishi hivi kweli, au wanatuigizia? Swali hilo lina majibu mawili ya haraka. La kwanza linasema Wauru ni kabila la kale ambalo halijaguswa na dunia, na la pili linasema kila kinachoonekana pale ni utapeli wa kitalii. Yote mawili hayasimami, na ili kuona kwa nini hayasimami ni lazima kujua kisiwa chenyewe kinajengwaje, Wauru ni akina nani, na fedha ya mgeni inapita mikononi mwa nani kabla ya kufika, kama inafika.

Ziwa Titicaca liko mita zipatazo 3,810 juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda wa juu wa milima ya Andes, na mpaka wa Peru na Bolivia unalikata katikati. Eneo lake ni kilomita za mraba 8,300 na ushei, na sehemu yake ya kina kirefu zaidi inafikia mita 280 hivi. Msomaji aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anaweza kukadiria mwinuko huo kwa urahisi: kituo cha Horombo, ambako wapandaji wengi huanza kulalamika vichwa, kiko mita 3,720, kwa hiyo mkazi wa Puno hulala, huamka, huenda shule na kuzeeka juu zaidi ya hapo. Ghuba ya Puno, tofauti na ziwa kuu, haina kina kirefu, na ndiyo maana totora huota humo kwa wingi hadi kufanya msitu wa majani ya kijani uliokatwa na mifereji ya boti.

Totora ni wa jamii moja na mafunjo yanayoota kandokando ya maziwa yetu ya Afrika Mashariki, na kwa Wauru ni mmea usio na mbadala. Msingi wa kisiwa, hata hivyo, si majani yake bali mizizi, ambayo wenyeji huiita khili. Mizizi hiyo husokotana chini ya maji na kushikana na matope hadi ikawa kitu kizito chenye unene wa karibu mita moja. Msimu wa mvua, maji yanapopanda, na gesi inayotokana na kuoza kwa mimea ikijaa ndani yake, mapande ya khili hung'oka chini na kuelea yenyewe. Hapo ndipo wajenzi huyaendea kwa boti, wakayakata kwa misumeno mirefu kuwa matofali makubwa ya mraba, wakayakokota hadi mahali palipochaguliwa, wakachomeka miti ya mkaratusi katikati ya kila pande na kuyafunga pande moja na jingine kwa kamba. Kwa muda mizizi ya mapande jirani huendelea kukua na kuungana, na kamba zinapungukiwa na kazi. Juu yake hutandazwa totora iliyokatwa, tabaka moja likielekea huku na jingine likilikata, mpaka pawe pakavu pa kutosha kusimamisha nyumba. Mwisho kisiwa hufungwa kwa kamba kwenye miti iliyochomekwa chini ya ziwa, la sivyo upepo wa usiku ungekipeleka upande wa Bolivia, mzaha ambao waongozaji hawachoki kuurudia.

Kazi haiishii hapo, na hili ndilo jambo ambalo mgeni wa dakika arobaini hawezi kuliona. Totora ya chini huoza daima, kwa hiyo kila baada ya wiki chache, na mara nyingi zaidi wakati wa mvua, tabaka jipya huongezwa juu. Nyumba nazo, ambazo zimefumwa kwa totora ileile juu ya fremu nyepesi za miti, huinuliwa na watu kadhaa ili majani mapya yapitishwe chini yake. Kisiwa kinachotunzwa vizuri hudumu miaka 25 hadi 30, kisha huachwa kizame na kingine hujengwa. Unyevu hauishi kamwe, na wazee wengi husumbuliwa na maumivu ya viungo. Moto ni hatari kubwa kuliko maji: chakula hupikwa kwenye jiko la udongo lililowekwa juu ya mawe bapa, na majani yanayolizunguka hulowanishwa kwanza. Choo hujengwa kwenye kisiwa kidogo cha pembeni, mbali na nyumba. Familia zikigombana hadi kushindwa kusuluhishwa, kuna njia ambayo watu wa nchi kavu wangeitamani: msumeno hupitishwa katikati ya kisiwa, na kila upande huburuta nusu yake kwenda kwingine.

Totora hiyohiyo pia ni chakula. Sehemu nyeupe ya shina iliyo karibu na mzizi humenywa kama ndizi na kuliwa mbichi. Ina maji mengi na ladha hafifu, na watoto huipenda. Maboti ya kienyeji hufumwa kwa matita ya totora, ingawa siku hizi maboti mengi makubwa yanayobeba watalii yamejazwa chupa tupu za plastiki ndani, na totora imebaki kuwa vazi la nje. Watalii wakiligundua hilo hujiona wamemkamata mwizi. Ukweli ni kwamba boti la totora tupu hulowa na kuoza katika muda usiofika mwaka mmoja, ilhali chupa hulifanya lielee vizuri na kudumu zaidi, na mvuvi yeyote mwenye akili timamu angefanya vivyo hivyo.

Ufundi huu wa maboti una uhusiano na Afrika ambao haujulikani sana. Mnorwei Thor Heyerdahl alipotaka kuonyesha kwamba Bahari ya Atlantiki ingeweza kuvukwa kwa chombo cha mafunjo, mwaka 1969 aliwatumia mafundi wa Kibuduma kutoka Ziwa Chad, na mafunjo yakatolewa Ziwa Tana nchini Ethiopia. Chombo hicho kiliharibika kabla ya kufika. Mwaka uliofuata aliwaita mafundi wa Kiaymara kutoka kisiwa cha Suriqui, upande wa Bolivia wa Titicaca, nao wakafunga matita kwa namna yao. Chombo chao, Ra II, kilitoka Safi, Moroko, kikafika Barbados baada ya siku 57. Nadharia za Heyerdahl kuhusu watu wa kale zimekataliwa na wataalamu wengi, lakini kuhusu nani anajua kufunga tita lisilofumuka baharini, jibu lilipatikana.

Suala la Wauru ni nani lina utata zaidi. Simulizi inayotolewa kwa wageni inasema kwamba walikimbilia majini kuwahepa Wainka, watawala wa dola kubwa ya Andes kabla ya Wahispania. Inawezekana ina chembe ya ukweli, lakini inawafanya Wauru waonekane kama wakimbizi waliozuka karne ya 15, wakati kumbukumbu zinaonyesha watu wa majini waliokuwa wametawanyika kote kwenye mfumo wa maji wa uwanda huo, kuanzia Titicaca, kando ya mto Desaguadero, hadi maziwa ya Bolivia, wakiishi kwa kuvua, kuwinda ndege na kukusanya mayai. Padri mmoja wa Kihispania alieleza katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1590 kuhusu vijiji vizima vilivyokaa juu ya totora ziwani na kuhama mahali hadi mahali. Watawala wa Kihispania wa miaka ya 1570 waliwaandikisha kama kundi la pekee, wakawahesabu kuwa karibu robo ya walipa kodi wa eneo lile, na kuwatoza kodi ndogo kuliko majirani zao wa nchi kavu, Waaymara, kwa sababu walionekana fukara wasio na mashamba wala mifugo.

Hapo kuna ufunguo ambao wengi huupita. Kama Uru ilikuwa pia daraja la kodi na la umaskini, basi Muuru aliyepata shamba nchi kavu, akafuga, akaoa kwa Waaymara na kusema Kiaymara, alikoma kuhesabiwa kuwa Muuru, na watoto wake wakawa Waaymara vitabuni. Hivyo kupungua kwa jamii hiyo katika karne zilizofuata hakukuwa kufa kwa watu tu. Sehemu kubwa kulikuwa kuhama kutoka safu moja ya daftari kwenda nyingine. Lugha yao ya asili ilififia vilevile. Mtafiti Mjerumani Walter Lehmann alipofika eneo la Chimu, karibu na Puno, mwaka 1929, bado alipata wa kumwandikia maneno yake, lakini baada ya hapo ikatoweka upande huo wa ziwa, na leo wakazi wa visiwani husema Kiaymara na Kihispania. Lugha ndugu bado inasemwa na Wachipaya wa Bolivia, na katiba ya Bolivia ya mwaka 2009 imeitaja miongoni mwa lugha rasmi za nchi.

Kutokana na hayo ulizuka usemi, unaorudiwa na majirani na hata baadhi ya waongozaji wa watalii, kwamba Muuru wa mwisho halisi alikufa zamani, katikati ya karne ya 20, na kwamba waliopo ni Waaymara waliovaa vazi la biashara. Usemi huo haukuwa wa bure, kwa maana ulikuja na madai kwamba watu hao hawana haki ya pekee juu ya totora na maji. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013, uliowahusisha Wauru wa Peru na wa Bolivia, ulionyesha kwamba wana nasaba inayotofautiana na ya majirani zao Waaymara na Waquechua, pamoja na mchanganyiko ambao mtu angeutarajia. Binafsi sidhani kama damu ndiyo inayopaswa kuamua kesi ya namna hii. Jamii inayoendelea kujenga visiwa, kuoana na kujitambua kwa jina lake haihitaji cheti cha maabara. Lakini waliotumia hoja ya damu kuwafuta, kwa damu hiyohiyo wamejibiwa.

Tuje kwenye fedha. Hadi miaka ya 1980 visiwa vilikuwa mbali zaidi na mji. Mwaka 1986 dhoruba na kupanda sana kwa maji ya ziwa vilivunja makazi mengi, na familia nyingi zikajenga upya karibu na Puno, jambo lililozisogeza karibu na shule, soko na watalii kwa wakati mmoja. Miaka ya 1990, wakati wa urais wa Alberto Fujimori, zikaja paneli za umeme wa jua, ambazo zilipunguza mishumaa na pamoja nayo hatari ya moto. Leo kuna shule za msingi juu ya maji, kuna redio, kuna simu za mkononi kila kona, na familia nyingi zina chumba au nyumba nchi kavu pia. Wanafunzi wa sekondari na vyuo huenda Puno. Kila kisiwa, chenye familia chache tu, humchagua rais wake, na jumuiya ya visiwa hupanga zamu ili boti za wageni zisirundikane sehemu moja.

Ziara ya kawaida huenda hivi: wageni huketi nusu duara juu ya matita ya totora, rais wa kisiwa huunganisha mbele yao pande dogo la khili na kulitandika majani ili waelewe ujenzi, akina mama waliovaa sketi pana za rangi kali huwakaribisha ndani ya nyumba, kisha hutandazwa vitambaa vilivyotariziwa, vinyago vya totora na shanga. Baadaye huja ofa ya kupanda boti la totora kwa malipo ya ziada, na pengine wimbo wa kuaga. Haya ni maonyesho, na hakuna haja ya kuyapa jina lingine. Ila mtu anayeonyesha jinsi nyumba yake inavyojengwa haachi kuishi ndani yake kwa sababu ameionyesha. Kinachowaudhi wageni ni haraka na shinikizo la kununua, na chanzo chake si tabia ya wenyeji bali hesabu ya safari: nauli na malipo ya ziara hulipwa kwa wakala mjini Puno, kiingilio huingia kwenye mfuko wa jumuiya, na familia iliyoacha kazi zake asubuhi hiyo hutegemea zaidi kile kitakachouzwa katika muda uliobaki kabla honi ya boti haijalia. Baadhi ya bidhaa zinazouzwa hutoka masoko ya Puno na ya mji jirani wa Juliaca. Anayetaka kitu kilichotengenezwa kisiwani aulize nani alikishona. Mwenye kitambaa chake hukieleza mshono kwa mshono, na wa kitambaa cha sokoni hubadilisha mazungumzo.

Ziwa lilelile lina mfano wa jamii zilizojaribu kushika usukani. Kisiwa cha Taquile, ambacho ni cha ardhi ya kawaida na wakazi wake husema Kiquechua, kilianza kupokea wageni kwa utaratibu wake: boti zilikuwa za wanakisiwa, wageni waligawiwa nyumba za kulala kwa zamu, na duka la nguo lilikuwa la ushirika. Pale wanaume ndio wanaofuma kofia za sufu, na mvulana hujifunza angali mdogo. Sanaa hiyo ya nguo ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Lakini sera za soko huria za miaka ya 1990 ziliwaondolea wanakisiwa haki ya pekee ya usafiri, kampuni za Puno zenye boti za kasi zikaingia, na wageni wengi wakageuka kuwa wa kutwa, wanaopanda ngazi za mawe wakihema, kula mchana na kushuka. Amantaní, kisiwa jirani, bado kinalaza wageni kwa zamu za familia.

Kwa Wauru, serikali nayo ni mshiriki mgumu. Mwaka 1978 Peru ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Titicaca, yenye hekta 36,180, sehemu kubwa ikiwa ni totora ya ghuba ya Puno. Lengo lilikuwa kulinda totora, samaki na ndege, akiwemo kibisi wa Titicaca asiyeweza kuruka. Lakini wenyeji walijikuta wakiambiwa wapi na lini wakate mmea ambao babu zao waliukata bila kumwomba mtu, na ugomvi kuhusu nani mwenye mamlaka juu ya totora umeendelea tangu hapo. Wakati huohuo maji taka ya Puno huingia kwenye ghuba, ambayo sehemu yake ya ndani hujaa magugumaji madogo ya kijani. Samaki wa asili wamepungua pia, baada ya karne ya 20 kuletwa trauti na pejerrey, wageni wanaowala au kuwanyang'anya chakula. Mtu anayelalamika kwamba Wauru wameacha uvuvi wakakimbilia utalii angeanza kwa kuuliza samaki walikwenda wapi.

Utalii wenyewe ni tegemeo lenye nyufa. Mwaka 2020 janga la Korona lilizifunga boti bandarini kwa miezi. Januari 2023 maandamano ya kisiasa, ambamo watu wengi waliuawa Juliaca, yalifunga barabara za mkoa, na mwaka huohuo ukame ulishusha maji ya ziwa hadi karibu na kiwango cha chini kabisa kuwahi kupimwa. Maji yakishuka hivyo, kisiwa hukalia matope na kushindwa kuelea, totora changa hukauka, na boti hazipiti. Ndugu zao wa Ziwa Poopó, nchini Bolivia, wameona mwisho wa njia hiyo: ziwa lao lilitangazwa kukauka Desemba 2015, na wavuvi wa Kiuru wakatawanyika kutafuta vibarua kwenye chumvi na migodi.

Kwa anayetaka kwenda, mwinuko ndio jambo la kwanza la kupangia. Kuruka kutoka Lima, iliyo pwani, hadi uwanja wa Juliaca kwa siku moja ni kuukaribisha ugonjwa wa mwinuko, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi na pumzi kukatika. Ni busara kulala kwanza Arequipa, yenye mita 2,300 hivi, kisha kupanda taratibu, na mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au mimba amwone daktari kabla ya safari. Chai ya majani ya koka hutolewa kila hoteli na ni halali Peru, lakini majani hayo ni marufuku kuingizwa katika nchi nyingi, na chai yenyewe inaweza kuonekana katika vipimo vya dawa za kulevya. Jua la kule huunguza hata siku ya baridi, na usiku wa Juni na Julai halijoto hushuka chini ya sifuri.

La pili ni muda. Nusu siku inatosha kupiga picha, haitoshi kuelewa chochote. Familia kadhaa hupokea wageni wa kulala na kuchukua nafasi moja kwa moja kwa simu au intaneti, hivyo malipo huwafikia bila dalali. Boti zikishaondoka alasiri, watu hurudia shughuli zao: nyavu hukaguliwa, watoto huandika kazi za shule, totora ya kesho hupangwa. Vaa nguo nzito, chukua noti na sarafu ndogo za soli, fedha ya Peru, kwa ajili ya manunuzi, omba ruhusa kabla ya kumpiga picha mtu, na usiwagawie watoto pipi, kwa kuwa mzoea kupewa huacha shule siku ya boti.

Na kuhusu msimu, waongoza watalii watakushauri uende kati ya Mei na Agosti, wakati anga ni safi na picha hutoka vizuri. Ushauri huo ni mzuri kwa picha. Lakini khili hukatwa wakati wa mvua, kati ya Desemba na Machi, maji yanapopanda na mapande kung'oka. Atakayekwenda wakati huo atalowa, na huenda ziara ikaahirishwa kwa sababu ya upepo. Pia anaweza kukuta kisiwa hakina mtu wa kumwimbia, kwa kuwa wenyeji wako kwenye totora na misumeno yao.